Kifo cha Wengi na Haki ya Kuuliza

Wahenga walisema kuwa kifo cha wengi ni harusi. Methali hii imewaliwaza watu wetu kwa vizazi vingi, nayo ina hekima yake. Msiba ukiwa wa wote, mtu hapati upweke katika kilio chake: jirani hulia naye, mji mzima huacha kazi, vyakula huletwa kutoka kila mlango, na uzito ambao ungemvunja mmoja mgongo hubebwa kwa mabega elfu. Hatukusudii kuipinga methali hiyo. Tunakusudia kuuliza jambo moja ambalo methali haikulisema, nalo ni hili: katika harusi hiyo ya wengi, nani amkumbukaye mmoja mmoja? Na kama chanzo cha vifo hivyo hakikuelezwa kikaeleweka, je, waliobaki wanayo haki ya kuendelea kuuliza, au adabu ya msiba inawataka wanyamaze?

Swali hili ni la maadili kabla halijawa la sheria. Ili tusilijadili hewani, tumechagua kulitazama katika msiba mmoja ambao kila Mtanzania wa rika letu anaukumbuka, yaani kuzama kwa meli ya MV Bukoba katika Ziwa Viktoria.

Meli hiyo ilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania, nayo ilikuwa ikifanya safari baina ya Bukoba na Mwanza. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kwa njia ya Kemondo, na ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza, ilipinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Idadi ya marehemu inayotajwa mara nyingi ni watu 894. Wako wanaosema walikaribia 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Tume ya uchunguzi iliundwa, na watumishi kadhaa walifikishwa mahakamani. Huko Igoma, Mwanza, yako makaburi ya wale walioopolewa majini, na kila mwaka ifikapo tarehe hiyo wako watu waendao huko kusoma dua na kuweka maua.

Msomaji aweza kusema: maombolezo yalifanyika, tume iliundwa, mashtaka yalifunguliwa, makaburi yapo, kimebaki nini cha kuulizwa? Kimebaki kingi, kwa sababu yapo maswali ya namna tatu, na kila namna ina haki yake.

Namna ya kwanza ni swali ambalo mjuzi wake hayupo. Waliokuwa ndani ya vyumba vya chini waliona nini katika dakika ile ya mwisho? Walilijua wao, nao wameondoka nalo. Swali la namna hii halimdai mtu. Tunalikabidhi kwa Mwenyezi Mungu na kunyamaza kwa heshima. Namna ya pili ni swali ambalo mjuzi wake yupo lakini amenyamaza, kwa hofu, au kwa aibu, au kwa kuilinda kazi yake. Hapo ndipo panapozaliwa neno linalosemwa vijiweni kwa sauti ya chini, kwamba kuna jambo limefichwa. Namna ya tatu ni swali ambalo jibu lake halikuwahi kuandikwa popote, kwa kuwa siku ya kuliandika hakuna aliyeona kuwa linastahili wino. Kwa maoni yetu hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, ingawa ndiyo isiyopigiwa kelele.

Tutoe mfano wa hiyo namna ya tatu. Inaelezwa kuwa orodha ya abiria wa MV Bukoba iliwahusu wale wa daraja la kwanza na la pili, nayo ilitaja watu 443. Daraja la tatu, ambalo nauli yake ilikuwa ndogo, halikuwa na orodha. Maana yake ni kwamba mchuuzi wa ndizi, mwanafunzi arudiye shuleni, mama aliyempeleka mtoto hospitali, wote hao walipita langoni, fedha yao ikahesabiwa hadi senti ya mwisho, na majina yao hayakuulizwa. Basi meli ilipozama, na taifa zima likauliza ni watu wangapi waliofariki, hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kujibu. Kwa jibu hilo hapakuhitajika mwovu wa kuchoma karatasi usiku, maana karatasi yenyewe haikuwapo. Ufichaji ulikuwa umekwisha kutendeka mchana kweupe, bandarini, kabla ya nanga kung'olewa, na sote tuliupita tukiuona kuwa ni desturi.

Linganisha hilo na jambo jingine la meli hiyo hiyo. Miongoni mwa waliozama alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa viongozi wakuu wa kundi la al-Qaeda, aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki kwa majina ya kuazima. Wenzake hawakutosheka na uvumi. Walituma watu hadi ziwani kutafuta hakika ya kifo chake, na habari hizo zilikuja kusimuliwa mahakamani New York mwaka 2001, katika kesi ya mabomu yaliyolipuliwa kwenye balozi za Marekani mwaka 1998. Hivyo mtu aliyelificha jina lake alitafutwa kwa jina, na kifo chake kikaulizwa mpaka ng'ambo ya bahari. Na watu wetu wasiokuwa na la kuficha hawakuandikwa popote. Fikiri, ndugu msomaji, ni aibu ya namna gani kwa jamii iliyojifunza kuitana ndugu, kwamba genge la wauaji lilimhesabu mtu wake kwa bidii kuliko sisi tulivyowahesabu wetu.

Tuje sasa kwenye chanzo. Mabaharia wa kale wa mwambao walikuwa na neno farumi, yaani uzito wa mawe au mchanga uliowekwa chini kabisa katika ngama ya jahazi ili chombo kisiende mrama. Baharia hakuiona farumi akiwa safarini, wala hakuisifu katika nyimbo zake, lakini alijua kuwa bila hiyo tanga zuri ni bure. Meli ya chuma nayo haikwepi kanuni hiyo. Uzito ukikaa chini huituliza. Uzito ukirundikwa juu, watu wakajaa sitahani na mizigo ikapangwa palipo na nafasi badala ya mahali pake, basi wimbi dogo au kona moja yatosha kuilaza ubavu, na watu wakikimbilia upande mmoja huimaliza. Haya si mafumbo. Nahodha anayajua, mkaguzi anayajua, mpakia mizigo anayajua. Kwa hiyo pale mtu asemapo kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, tumwambie kuwa methali hiyo ni ya kumfariji aliyefiwa, haikutungwa iwe utetezi wa aliyekabidhiwa usukani.

Liko swali jingine la MV Bukoba lililo chungu zaidi. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na waokoaji walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama pamoja na waliokuwa wakigonga. Tangu siku hiyo watu wanauliza: nani aliamuru? Je, hapakuwa na mtu wa kusema kuwa hewa ile ndiyo uhai wao? Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, fundi mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili ndani ya chombo kilichogeuka juu chini. Waliofiwa mwaka 1996 waliposikia habari ile walifurahi na wengine, kisha hapana shaka wakarudi ndani na kulia upya.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo hasira huyachanganya. Kosa la huruma si sawa na siri. Mtu aliyeshika chombo cha kukatia chuma asubuhi ile, akisikia binadamu wenzake wakigonga chini ya miguu yake, alitaka kuwaokoa; hatuoni kuwa anastahili kulaaniwa. Lakini kosa la huruma lisipoelezwa hadharani, mwaka hadi mwaka, hubadilika sura. Wajukuu watalisikia kama njama. Kunyamaza kwa nia ya kumlinda mtu mwema humwacha mtu huyo mwema akihukumiwa na uvumi, ambao hauna wakili wala rufani. Kama angesimama mbele ya waliofiwa akasema, "Tulifanya hivi, kwa sababu hii, na hatukujua lile," pengine wangelia pamoja naye.

Ziko hoja za wale wanaotetea ukimya, nasi hatupendi kuzidharau. Hoja ya kwanza husema: waacheni waliofiwa wapumzike, kila swali ni kidonda kinachotoneshwa. Hoja ya pili husema: umoja wa taifa ni bora kuliko udadisi, maswali mengi hugeuza msiba kuwa ugomvi. Hoja ya tatu husema: ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa.

Kwa hoja ya kwanza tunajibu kuwa asiyejua ndiye asiyepumzika. Katika mila zetu msiba una mwanzo na mwisho. Kuna kulala matangani, kuna siku ya kuanua, kuna arobaini. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Lakini aanze kuhesabu lini yule ambaye mume wake hakuonekana katika orodha ya waliokufa wala ya waliopona? Dini imeweka sala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwapo, na rehema hiyo ni kubwa. Lakini hata sala hiyo yataka hakika kwamba mtu amekufa. Tena kuna mirathi, kuna shamba, kuna ada za watoto, na kila mlango wa ofisi humtaka mjane cheti cha kifo cha mtu ambaye hakuna karatasi iliyokiri kuwa alipanda meli. Huyo hatumtonesheshi kidonda tukimwuliza. Kidonda chake hakijawahi kufungwa.

Kwa hoja ya pili tunatoa mfano wa mbali, ili tusidhaniwe kuwa maradhi haya ni ya nchi maskini peke yake. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, meli ya Estonia, ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, ilizama katika Bahari ya Baltiki. Walikuwamo watu 989; walikufa 852. Nchi zile ni tajiri na hodari wa kuweka kumbukumbu. Taarifa ya uchunguzi ilitolewa mwaka 1997, ikasema kuwa makomeo ya mlango wa mbele yalishindwa na mawimbi. Lakini mapema, mwaka 1995, palifanyika mapatano ya kupafanya pale kuwa kaburi lisiloguswa, na kupiga mbizi hapo kukawa kosa, ilhali ndugu wengi walitaka miili ya watu wao itolewe. Baada ya miaka kumi ikadhihirika kwamba katika mwezi ule ule wa Septemba, kabla ya safari ya mwisho, meli ile ilikuwa imebeba vifaa vya kijeshi mara mbili bila abiria kujua. Mwaka 2020 watengenezaji wa filamu wakaonyesha tundu ubavuni mwa meli, na uchunguzi ukabidi uanze upya. Matokeo ya awali yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuona dalili ya mlipuko wala ya kugongana na chombo kingine. Yalisema pia kwamba mlango ule wa mbele haukuwa umekaguliwa ipasavyo.

Tazama basi gharama ya ukimya. Huenda ile sababu ya kwanza ilikuwa ya kweli kwa sehemu kubwa tangu mwanzo. Lakini kwa kuwa jambo moja lilifichwa, hata yale yaliyosemwa kwa uaminifu yalishukiwa, na watu waliozaliwa baada ya msiba wamerithi shaka badala ya maelezo. Umoja ulioinuliwa juu ya swali lililozibwa mdomo ni kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya ufa.

Kwa hoja ya tatu tunasema kwamba ni kweli kazi ya Mungu haina makosa, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kumbebesha Mwenyezi Mungu makosa ya mkata tiketi.

Sisi tulioutumikia umma miaka mingi tunajua namna ukweli unavyopotea bila mtu kusema uwongo. Tulipokuwa karani kijana katika masjala ya ofisi moja, tulipewa orodha ya watu waliopatwa na maafa ili tuipige chapa. Majina yalikuwa kumi na tisa, na chini yake mkubwa wetu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, "na wengineo". Tukauliza wengineo ni akina nani. Tukaambiwa kuwa jalada linasubiriwa mezani na kwamba si kazi ya karani kuuliza. Tukapiga chapa kama tulivyoagizwa. Jalada likaenda, likarudi likiwa na dokezo kuwa suala linashughulikiwa, likawekwa rafuni, na rafuni likabaki. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Lakini wale wengineo walikuwa na mama zao, na mkono uliowafuta ulikuwa huu tunaoandikia makala haya. Tumelitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba tunawanyoshea wengine kidole tukiwa tumesimama mahali pasafi.

Na raia asiye mtumishi naye asijitoe. Nahodha akikataa kung'oa nanga kwa kuwa chombo kimejaa, nani humshukuru? Humwita mkorofi, humtaka apishe, humkumbusha kuwa kesho ni siku ya soko. Mtu hutoa kitu kidogo langoni ili apite bila tiketi, kisha mwanawe akipotea majini huuliza kwa nini jina lake halipo. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyoruhusiwa kubeba watu 645, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tume iliyochunguza ilieleza kuwa waliokuwamo walizidi 2,000. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa watu 101, kilipoteza zaidi ya watu 220 karibu kabisa na gati. Ni vyombo vitatu mbalimbali na miaka mbalimbali, lakini kila mara tunaanza kwa swali lile lile: walikuwa wangapi? Taifa linalouliza swali moja mara tatu halijalijibu mara ya kwanza.

Basi haki ya kuuliza ipo, nayo ina masharti yake. Anayeuliza asiwe amekwisha kuhukumu moyoni. Lisemwalo lipo, walisema wazee, lakini hawakusema kuwa liko vile vile lisemwavyo. Aliyeona na atoe ushahidi wa alichoona, asiongeze alichosikia kijiweni. Na anayeulizwa, akiwa ni mwenye dhamana, wajibu wake ni mambo matatu. Kwanza, jina litangulie nauli, na daraja la tatu liandikwe kwa wino ule ule wa daraja la kwanza. Pili, taarifa ya kila tume isomwe mbele ya waliofiwa kwa lugha wanayoielewa, kwa kuwa wao ndio waliogharimia taarifa hiyo kwa watu wao. Tatu, yale ambayo hayakujulikana yaandikwe waziwazi kuwa hayakujulikana. Kukiri kutojua hakuivunjii serikali heshima. Kinachoivunjia heshima ni kujifanya kwamba swali halikuulizwa.

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na vinyago peke yake. Umo pia katika namna taifa linavyowazika watu wake, na hasa wale ambao halikuwapata wa kuwazika. Tulisema kuwa farumi haionekani, tena ni nzito, lakini ndiyo inayokizuia chombo kwenda mrama. Ukweli kuhusu marehemu wetu ni mzigo wa namna hiyo. Wako wanaoona kuwa tukiutupa tutasafiri wepesi. Na tuwaulize mabaharia kama jahazi jepesi hufika mbali. Nasi kwa desturi yetu tunamalizia kwa ubeti huu:

Chombo kikosa farumi, chapinduka kwa tufani,
Taifa likosa ndimi, za kutaja walo chini,
Mrama hautuhami, ijapo tu bandarini,
Mmoja mmoja jina, ndilo sanda ya majini.